Naitrojeni haipigi hodi: uzi kwa wote mnaoingia kwenye matenki, riakta na mashimo yasiyo na oksijeni

Mzee wa Riakta (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Huu uzi nimeuahirisha zaidi ya mwaka, kila nikianza kuandika naishia njiani. Ila juzi kuna kijana wa mtaani kwetu hapa Tanga kanipigia, kapata mkataba wa miezi 3 kwenda Ghuba kwenye shatidauni (mitambo inasimamishwa ifanyiwe matengenezo) ya rifaineri, yani kiwanda cha kusafisha mafuta, kazi yenyewe wameandika helpa (msaidizi) wa katalisti. Akaniuliza swali likaninyima usingizi: "Anko, si hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, sasa itanidhuru vipi kitu navuta kila siku?" Nikajua hakuna mtu aliyemweleza chochote. Na simlaumu, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilienda hivohivo, pasipoti na buti basi.

Nimeifanya hii kazi miaka 9, nimeanza helpa wa juu, nikaja kuingia ndani, mwisho nikawa nakaa konsoli ya hewa, yani meza ya kusimamia hewa wanayovuta walioko ndani, nawaangalia. Sasa niko nyumbani. Naandika ninachokijua.

Kwanza mjue kwanini mtu anaingia makusudi sehemu isiyo na oksijeni. Riakta ni tenki la chuma nene limesimama wima, kwenda juu kama ghorofa kadhaa, ndani limejaa punje ndogondogo za katalisti, zingine ukizishika ni kama chaki nyembamba zilizokatwa vipande. Hizo ndo zinasaidia kutoa salfa kwenye dizeli. Baada ya miaka kadhaa zinachoka, inabidi zitolewe ziingie mpya. Shida ni kwamba katalisti iliyochoka inakuwa na salfaidi ya chuma, na hiyo ikikutana na hewa inapata moto yenyewe, bila kiberiti bila cheche. Ndo maana kabla ya kufungua wanajaza naitrojeni na inaendelea kuingia kutokea chini muda wote wa kazi, moto ukose cha kula. Kwetu oksijeni humo ndani ilikuwa haitakiwi kuzidi asilimia 5, ikipanda watu wanatolewa. Yani kwenye tenki la kawaida tunaogopa oksijeni ikipungua, humu tunaogopa ikiongezeka, na anayeingia ni binadamu yuleyule mwenye mapafu yaleyale.

Sasa naitrojeni yenyewe. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohoeshi. Na mwili wetu hauna king'ora cha kukosa oksijeni, hili ndo nataka lishike kichwani kabla ya mengine yote. Ile kuungua kifua unayoisikia ukibana pumzi inaletwa na kaboni dayoksaidi kujaa kwenye damu, siyo oksijeni kuisha. Ukivuta naitrojeni tupu unaendelea kuitoa kaboni dayoksaidi nje kama kawaida, kwahiyo kifua kiko shwari kabisa huku ubongo unazima. Watu wanasema "nikisikia kizunguzungu natoka". Hutoki. Ukibana pumzi mapafuni bado kuna akiba, unaweza kwenda dakika nzima. Ila ukivuta naitrojeni unaifagia ile akiba yote nje, halafu damu inayopita mapafuni badala ya kuchukua oksijeni inaiachia hata ile kidogo iliyobaki nayo. Pumzi moja mbili tu, unashuka kama gunia, hata kuita huiti.

Kwa namba: hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Wamarekani wameweka mstari kwenye 19.5, chini ya hapo ni hatari kisheria. Ikifika 12 hadi 14 unaanza kufanya maamuzi ya ovyo na mwenyewe unajiona uko sawa, hapa ndo mtu anavua kifaa chake. Kati ya 8 na 10 unazimia. Kati ya 4 na 6 ni koma ndani ya sekunde 40 hivi. Riakta yetu tunayoingia iko hapohapo au chini zaidi.

Niwape kisa kimoja kiko kwenye rekodi, nilikuwa nawasimulia kila helpa mpya. Tarehe 5 Novemba 2005, rifaineri ya Valero pale Delaware City, Marekani. Riakta imefunguliwa juu, naitrojeni inatoka mdomoni, mafundi wawili wa kontrakta wanajiandaa kufunga bomba juu ya ule mdomo. Kazi yao haikuwa ya kuingia ndani kabisa. Ila ndani kidogo, kama mita moja na nusu hivi kutoka mdomoni, kulikuwa na roli ya tepu imeanguka, na haitakiwi ibaki humo. Mmoja akajaribu kuivua na waya. Ama aliinama sana akazidiwa akaanguka, ama aliingia haraka kuichukua, lakini aliishia ndani. Mwenzake akaona, akateremka kumfuata. Wote wawili wakafa. Roli ya tepu wakuu. Na Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilipochunguza ikasisitiza kitu ambacho wengi hawakijui, kwamba hata nje, pale jirani na mdomo, hewa inaweza kuwa tayari imeuawa na naitrojeni inayomwagika.

Hilo la nje mimi nimeliona kwa macho. Mwaka wangu wa kwanza, usiku, niko juu ya jukwaa, naandika namba za mapipa, nikainama kwenye mdomo nione jamaa wamefika wapi. Kuna mzee mmoja Mfilipino akanivuta kwa nyuma na hanesi (mikanda ya usalama ya mwilini) mpaka nikakaa chini. Hakunifokea. Akatoa ditekta yake, ile mita ya kupima hewa, akaifunga kamba, akaniambia ishushe mwenyewe. Nikaishusha urefu wa mkono tu. Ikaanza kulia, nasoma 14, naangalia tena 9, naangalia tena 4. Uso wangu ulikuwa palepale dakika moja nyuma. Yule mzee namuombea dua mpaka leo.

Karibuni tuulizane, kama kuna mtu wa fani aongeze.

---

Kijana wa Chuo

Mkuu asante sana kwa uzi, nasoma usindikaji kemikali mwaka wa 3 na hii hatujafundishwa hivi. Swali: kwanini wasivae tu maski zile za chujio mbili pembeni? Zinachuja gesi si ndio?

---

Mzee wa Riakta

Kijana swali zuri na naomba kila mtu alisome jibu. Chujio linaondoa uchafu kwenye hewa, halitengenezi oksijeni. Ukiwa sehemu ya oksijeni asilimia 3 chujio litakupa asilimia 3 ileile, safi, na itakuua ikiwa safi. Kwenye hali hii kuna njia moja tu, uje na hewa yako kutoka nje.

Sisi tulikuwa tunavaa helmeti maalum, siyo ile ya kofia ngumu, hii inafunika kichwa chote mpaka shingoni na inafungwa kwa loki, makusudi kabisa mtu akipaniki asiweze kuivua mwenyewe kirahisi. Wa nje ndo anakufungua. Mpira wa hewa ya kwanza unatoka kwenye chanzo kimoja, kuna hewa ya pili kutoka chanzo kingine ambacho hakijaunganishwa na kile cha kwanza, na mwilini una mtungi mdogo wa dakika chache wa kutokea tu. Narudia, wa kutokea, siyo wa kumalizia kazi. Ukiona umeanza kuvuta hewa ya ule mtungi hata kama umebakiza ndoo moja, unatoka. Pamoja na mipira kuna waya wa mawasiliano, tunaongea muda wote, na mdomoni kuna kamera.

Nilipokuwa konsoli kazi yangu ilikuwa kuangalia geji na kusikiliza pumzi. Ndiyo, kusikiliza. Mtu ukimzoea unajua pumzi yake, ukisikia imekuwa ya haraka au amejibu swali lingine sio ulilomuuliza, unamtoa bila mjadala. Sikuwahi kuomba ruhusa kwa supavaiza kumtoa mtu. Na mtu wa konsoli haachi kiti, haendi chooni, haendi kuswali mpaka amekuja wa kumpokea akakaa akavaa hedifoni. Mimi ni Muislamu na naliandika hili nikiwa najua ninachosema.

---

Baharia wa Unguja

Assalaam alaykum. Sheikh hii mada ni yetu pia sisi wa melini na inatumaliza sana. Watu wakisikia kukosa oksijeni wanafikiri lazima kuwe na gesi imepuliziwa. Wallahi chuma peke yake kinatosha. Kutu ni oksijeni iliyokwenda kukaa kwenye chuma. Tenki la balasti (la maji ya kuipa meli uzito) likifungwa muda mrefu, chemba ya mnyororo wa nanga, zile kuta zinakula oksijeni taratibu mpaka inaisha, unafungua unaona peupe pakavu pazuri, unashuka ngazi, huipandi tena. Na shehena nayo inakula, magogo, makaa ya mawe, vyuma chakavu. Ngazi ya kushukia tumbo la meli lenye magogo, ile chemba yake ndogo imeuwa watu wengi maana mtu anaona ni ngazi tu.

Kwenye meli za mafuta tena wanafanya kusudi kama kwenye riakta yako, wanajaza gesi isiyowaka, oksijeni kwenye tenki la shehena haitakiwi kuzidi asilimia 8 ili mvuke wa mafuta usilipuke. Mtu akikosea tenki lipi limepulizwa hewa na lipi bado, kwisha.

Kisheria tangu tarehe 1 Januari 2015 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka zoezi la kuingia na kuokoa kwenye sehemu zilizofungwa kila baada ya miezi 2, na tangu Julai 2016 meli lazima iwe na mita yake ya kupima hewa. Tatizo mazoezi mengine yanafanywa kwenye karatasi, watu wanatia saini, wanakunywa chai, imeisha. Mimi boswini wangu (msimamizi wa mabaharia) wa zamani alikuwa anatulaza mwanasesere wa magunia ndani ya tenki tuupandishe kweli kwa kamba, kilo 80, kwenye tundu ambalo mtu na mtungi mgongoni anapita kwa tabu. Mara ya kwanza ilituchukua dakika 25. Hapo tukafahamu kwamba mtu aliyeanguka bila oksijeni hatuna uwezo wa kumuwahi, dakika 25 ni kwenda kuchukua maiti, kwahiyo kazi yote iko kabla ya kuingia.

---

Mzee wa Riakta

Baharia umesema kitu. Dakika 25. Kwenye oksijeni asilimia 6 hadi 8 dakika 8 tu ni kifo, dakika 4 au 5 ndo bado kuna matumaini ya kumrudisha. Kwahiyo mpango wa kuokoa unaosema "tutapiga simu zimamoto" siyo mpango.

---

Chupa na Pipa

Hamjambo wadau, mimi niko Kenya, nafanya kwa kiwanda kidogo cha bia. Kwetu shida si naitrojeni ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwa uchachu. Inakaa chini maana ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Sasa kuna kitu kilitushtua na ningependa wengi wajue. Tulikuwa tunategemea mita ya oksijeni pekee. Bosi alikuwa anasema ikisoma juu ya 19.5 ingieni. Halafu akaja jamaa wa kutufunza akatupigia hesabu kwa ubao: kaboni dayoksaidi ikifika asilimia 5 ya hewa, oksijeni itashuka kutoka 20.9 hadi 19.9 hivi tu, mita hailii, na ile asilimia 5 yenyewe tayari imepita kiwango cha hatari ya papo hapo ambacho ni 4. Hii gesi haisukumi oksijeni tu, yenyewe ni sumu kwa damu. Siku hiyo tulinyamaza wote. Tulikuwa tumeosha matangi hivyo miaka miwili. Sasa tuna mita ya kaboni dayoksaidi yenyewe, na kuosha kwingi tunafanya kutoka nje kwa mpira wenye kichwa cha kuzunguka, hakuna mtu wa kuingia.

---

Mzee wa Riakta

Hiyo ya mwisho ndo bora kuliko vyote tulivyoandika hapa. Kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kuingia, mtu asiingie. Hata sisi kuna katalisti tulikuwa tunaimwaga kutokea chini na kuivuta na vakyumu, kadri inavyowezekana, anayeingia anaingia kwa kile kilichoganda tu.

---

Dumu la Temeke

Samahanini wakubwa, naona mnaongea mambo ya Ulaya na Ghuba. Sisi tunashuka mashimo ya vyoo na chemba huku Dar miaka 15, hatuna mita, mita bei yake ni mtaji. Tunashusha mshumaa au koroboi kwa kamba, ikizimika hatushuki, ikiwaka tunashuka. Na tupo. Babu zetu walifanya hivohivo kwenye visima.

---

Mzee wa Riakta

Kaka nakuheshimu na hiyo kazi naijua ni ngumu na watu hawaithamini. Ila mshumaa naomba uuache leo. Sababu ya kwanza, mshumaa unazima oksijeni ikishuka kwenye asilimia 16 hivi, kwahiyo unaweza kuwaka wakati wewe tayari uko kwenye 17 unaanza kulegea. Ya pili, kwenye shimo la choo kuna methani, wewe unateremsha moto kwenye gesi inayolipuka. Ya tatu ndo mbaya zaidi, mshumaa hauijui haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza. Inaua ikiwa kidogo sana, oksijeni iko vizuri kabisa na mshumaa unawaka. Na ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni inaua pua kwanza, husikii tena harufu, unadhani imeisha.

Najua bei. Kuna njia mnaweza kuanza nayo hata kesho bila mita: msishuke. Gari la kunyonya lina mpira, ndoano ndefu, ndoo ya kamba. Na pale inapobidi kweli, changeni wanne watano mita moja ya gesi nne, au muikodi kwa siku. Na bulowa ya kupuliza hewa ikae nje mbali na moshi wa jenereta. Na jambo lingine, kuna mtu atasema tupulizie oksijeni ya hospitali tuongeze. Kamwe. Oksijeni ikizidi asilimia 23.5 nguo yenye grisi inawaka kama petroli.

---

Mama Shani

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Kaka yangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda, kuna tenki la molasesi walikuwa wanasafisha. Hakuwa yeye wa kuingia. Alikuwa wa nje, wa kuvuta ndoo. Mwenzake alianguka ndani akaita mara moja kisha kimya. Kaka akashuka. Watu waliokuwepo walituambia hakufikiri hata sekunde moja, alivua tu shati. Wa tatu naye alitaka kushuka, mlinzi wa geti mzee mmoja akamshika miguu akalala juu yake. Wa tatu yule yuko hai, ana watoto. Kaka yangu na mwenzake tuliwazika siku moja.

Nilikuwa nauliza miaka yote hii kwanini alishuka. Sasa nauliza, angefanya nini? Mtu anamwona rafiki yake amelala pale.

---

Mzee wa Riakta

Dada pole sana. Mungu awarehemu wote wawili. Nimeacha simu nikatoka nje kidogo kabla ya kukujibu.

Kaka yako hakukosea kwa kupenda. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 1986 iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu zilizofungwa ni wale walioingia kuokoa. Zaidi ya nusu. Yani hilo tenki lilimfanyia kaka yako kilekile kilichowapata watu dunia nzima, na molasesi ikichacha inatoa kaboni dayoksaidi inajaa chini na hakuna anayeiona.

Umeuliza angefanya nini. Pale alipofikishwa, hakuwa na cha kufanya zaidi ya kupiga kelele na kuita watu, na ndo maana inaniuma, kwa sababu waliomweka pale hawakumwachia chombo chochote mkononi. Mtu wa nje anatakiwa awe na kamba ambayo tayari imefungwa kwenye hanesi ya aliye ndani, na mguu tatu juu ya mdomo wenye winchi. Akianguka unazungusha winchi. Hushuki, hufikiri, unazungusha. Kama kamba haikufungwa kabla hajaingia, hakuna ushujaa utakaoifunga baadaye. Na mtu wa nje ni kazi yenyewe, siyo kibarua wa ndoo. Haondoki, hatumwi maji, hapewi kazi ya pili, na anaambiwa asubuhi mbele ya wote, kwa sauti, kwamba wewe leo hata akiwa ndugu yako huingii. Sisi tulikuwa tunamuuliza kila zamu na anajibu kwa mdomo wake. Wageni walikuwa wanaona ni mambo ya kitoto. Ila siku ikitokea, mtu anahitaji awe ameshaamua kabla, kwa sababu ukisubiri kuamua pale utaamua kama kaka yako, mtu yeyote mwenye moyo ataamua hivyo.

Yule mlinzi wa geti kama bado yuko hai mpelekee salamu zangu.

---

Mama Shani

Yuko hai. Nitampelekea.

---

Fundi Kalibresheni

Mimi ni mtu wa instrumenti, naomba kuongeza la mita kwa sababu watu wanaziamini bila kuzijua. Mita ya gesi nne ya kawaida inasoma oksijeni, gesi inayolipuka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Ile sensa ya gesi inayolipuka nyingi zinafanya kazi kwa kuichoma gesi kidogo ndani ya mita. Kuchoma kunataka oksijeni. Sasa ukiishusha kwenye tenki la naitrojeni inaweza kukuonyesha sifuri, siyo kwa sababu gesi haipo, ni kwa sababu haina oksijeni ya kuichomea. Nimeona mtu anasaini pamiti (kibali cha kuingia) kwa sifuri ya namna hiyo, halafu wanaanza kupuliza hewa na mchanganyiko unapita palepale kwenye kulipuka. Ndo maana oksijeni inasomwa kwanza, kisha inayolipuka, kisha sumu, na kwenye naitrojeni unatumia sensa ya infraredi.

Lingine, kabla ya zamu uipulizie gesi ya majaribio uone inalia. Sensa ya oksijeni inachoka, nyingi ni miaka 2 hivi. Na upime juu, kati na chini kwa mpira wenye pampu, usubiri hewa ifike kwenye mita, watu wanachomeka na kuchomoa kama wanapima oili.

---

Welda wa Changamwe

Kaka Riakta vipi kuhusu arigoni? Sisi twachoma bomba za stenlesi, twajaza arigoni ndani ya bomba ili ushono usiungue kwa nyuma. Kuna kijana aliingiza kichwa kutazama ushono kwa ndani, tukamvuta kwa miguu, alizindukana alhamdulillahi lakini hakumbuki kitu.

---

Mzee wa Riakta

Arigoni ni ndugu yake naitrojeni, tofauti ni kwamba ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye bomba na kwenye shimo la kuchomelea hata ukifunga mtungi. Huyo kijana alikuwa na bahati kubwa. Kuna kisa cha mwaka 1998, Machi, kiwanda cha Union Carbide pale Hahnville, Louisiana, wafanyakazi wawili wanakagua mdomo wa bomba la upana wa inchi 48, wamejifunika plastiki nyeusi ili waone vizuri kwa taa ya urujuanimno. Ndani ya bomba kulikuwa na naitrojeni inapita na hakuna kibao kinachosema hivyo. Mmoja akafa, mwingine akaumia vibaya. Hawakuingia popote wakuu, walijifunika plastiki tu, wakatengeneza chumba kisicho na hewa bila kujua. Kwahiyo andikeni kibao kikubwa, ARIGONI NDANI, wekeni kamba kuzunguka, na kichwa kisiingie kwenye bomba, tumieni kioo au kamera ya waya.

Na msidhani ni watu wasiosoma tu. Tarehe 19 Machi 1981, Kennedy Space Center, kituo cha kurushia vyombo vya anga Marekani, kwenye chombo cha anga Columbia, mafundi waliingia sehemu ya nyuma ambayo ilikuwa bado imejaa naitrojeni baada ya zoezi, mmoja akafa siku hiyo na mwingine siku kadhaa baadaye. Chombo kikaruka Aprili 12. Na Januari 28, 2021, kiwanda cha kuku Gainesville, Georgia, naitrojeni ya kimiminika ilivuja kwenye friza, wakafa watu 6. Ile lita moja ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi, baridi, inatambaa chini kama maji.

---

Ndege ya Jumanne

Anko ni mimi yule niliyekupigia. Nimesoma yote, mama naye nimemsomea. Naondoka Jumanne ijayo. Niwaulize nini kabla sijasaini?

---

Mzee wa Riakta

Mwanangu, waulize kazi yako ni ya nje au ya kuingia, waiandike, maana helpa wa katalisti wanaweza kukugeuza mwingiaji siku wakipungukiwa mtu, na kuingia kunataka mafunzo yake na cheti chake siyo kuazima helmeti ya mwenzio. Uliza helmeti ina loki au ni maski ya uso. Uliza vyanzo vya hewa ni vingapi na kama havitegemeani. Muhimu sana uliza kama kuna mtu yeyote anaweza kuchomeka mpira wa hewa ya kupumua kwenye laini ya naitrojeni, yani viungio vinalingana au havilingani, kwa sababu kuna watu wamekufa wakiwa wamevaa vifaa vyote vizuri kabisa huku wanavuta naitrojeni kutoka kwenye bomba lisilo lao. Jibu zuri ni kwamba hewa inatoka kwenye mitungi iliyopimwa, na viungio havioani kabisa. Ukiambiwa "tunakuwa makini" hilo siyo jibu.

Uliza wanafungaje mabomba yanayoingia kwenye riakta. Valvu kufungwa haitoshi, valvu inavuja, inatakiwa blaindi (sahani ya kuziba) ya chuma au bomba likatwe kabisa, na kufuli lenye jina. Ile naitrojeni yenyewe wanayoitaka iingie ijulikane inatoka laini ipi na nani ameishika.

Halafu uliza mwokoaji ni nani. Siyo kampuni, ni nani, amekaa wapi wakati watu wako ndani, amevaa au vifaa viko kwenye kontena. Mwokoaji wa kweli amevaa tayari, yuko juu pale jukwaani, amebakiza kufunga helmeti tu.

Na ukifika, siku ya kwanza, kabla ya chochote omba ditekta uifunge kamba uishushe mdomoni urefu wa mkono. Uone mwenyewe.

---

Ndege ya Jumanne

Nimewaandikia jana usiku, wamejibu leo asubuhi. Kazi ni ya nje, wameandika kwenye karatasi. Helmeti zina loki, hewa ya mitungi benki mbili tofauti, viungio haviingiliani wamenitumia na picha. La mwokoaji wamesema "kuna timu ya rifaineri".

---

Mzee wa Riakta

Timu ya rifaineri iko mbali na jukwaa lenu na wana kazi nyingine. Waandikie tena hilo moja tu, leo. Usisaini mpaka lijibiwe. Jumanne bado iko mbali, na mimi simu yangu iko wazi usiku wote.